Imatong Ifungwe? Mjadala wa Juba kuhusu mbega, mkaa na wenyeji wa mlima

Kusini-mashariki mwa Juba, ukishapita Torit na kuelekea mpaka wa Uganda, ipo milima ya Imatong. Kilele chake, Kinyeti, kina mita 3,187 na hakuna kingine kirefu kukizidi Sudan Kusini. Kwenye mabonde na miteremko yake umebaki msitu mnene wa ukungu ambao wakazi wengi wa Juba hawajawahi kuuona. Humo wanaishi mbega, wale weusi wenye manyoya meupe marefu yanayoning'inia mabegani, na kima wa rangi ya kijivu wanaotafuta matunda kileleni mwa miti. Mashamba, mioto na misumeno inauvamia msitu huo kutoka pembezoni, na swali la nani aulinde halijapata jibu.

Mjadala ufuatao nimeuandika kwa sauti nne. Hakuna sauti iliyo ya mtu mmoja: kila moja nimeikusanya kutokana na hoja zinazotolewa sokoni, vyuoni, maofisini na kwenye vibanda vya chai, kisha nikaiacha iseme kwa nguvu zake zote. Mhifadhi ni kijana wa Sudan Kusini aliyesomea misitu Morogoro. Mzee ni Mlotuko wa miteremko ya Imatong aliyeletwa Juba na vita. Mama Mkaa anauza mkaa soko la Konyo Konyo, na alilelea watoto wake katika kambi ya Kakuma, Kenya. Mzanzibari ni fundi wa magari aliyekulia jirani na msitu wa Jozani, Unguja. Kiswahili kinawaweka meza moja, kama kinavyowaweka wengi Juba tangu wakimbizi waanze kurudi kutoka Kenya na Uganda, na nchi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Mimi nimeshika kiti, na mwishoni nitasema ninaloliamini.

Hoja iliyo mezani ni hii: Msitu wa Imatong ufungwe kabisa, asiingie mtu kukata, kulima wala kuwinda, ili mbega na kima wake wasalimike.

Duru ya kwanza: Kwa nini tumjali kima?

MHIFADHI: Mwenyekiti, asante. Mzee, shikamoo. Mama, shikamoo. Naiunga mkono hoja, na nitaanza na ardhi yenyewe. Imatong ni kisiwa cha msitu. Chini yake, pande zote, ni mbuga ya nyasi, jua kali na makazi ya watu. Mbega ni mnyama wa juu ya miti. Anakula majani, na tumbo lake lina vyumba ambamo vijidudu huyachachusha majani hayo hadi yakawa chakula. Mbega wetu huyu mweusi na mweupe ni mvumilivu. Anaweza kuishi hata katika msitu uliovurugwa. Lakini pasipo miti hana maisha, na akifukuzwa mlimani hana njia ya kuivuka mbuga kutafuta mlima mwingine. Kima naye anakula matunda, na mbegu anazozitema au kuzidondosha na kinyesi chake mbali na mti mama ndizo zinazoota na kuwa msitu wa kesho. Ukimwondoa yeye, umemwondoa mpanzi.

Mtaniambia kwamba hawa hawamo katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini. Ni kweli, hawamo. Lakini waliomo leo nao hawakuwamo jana. Afrika Magharibi, kwenye misitu ya Ghana na Côte d'Ivoire, palikuwa na mbega mwekundu anayeitwa mbega wa Waldron. Tangu mwaka 1978 hakuna mtaalamu aliyemwona akiwa hai. Bunduki na shoka vilimfikia kabla ya sheria. Mimi sitaki tusubiri hadi Imatong iwe na jina kwenye orodha ya namna hiyo.

Tena tazameni tunachohesabu. Mwaka 2024 dunia nzima ilitusifu, kwa sababu hesabu ya kutoka angani ilionyesha kwamba karibu swala milioni 6 huhama katika nyanda zetu, Boma na Badingilo, na kwamba huenda huo ndio msafara mkubwa kuliko wote wa wanyama wa nchi kavu duniani. Nafurahi. Lakini ndege haioni kilicho chini ya majani ya miti. Kima wa Imatong hana anayemhesabu, na asiyehesabiwa akitoweka hakuna atakayejua siku aliyotoweka.

MAMA MKAA: Mwanangu, umesema vizuri, lakini hukusema tutapikia nini. Mtambo wa umeme wa Juba ulizinduliwa mwaka 2019, nao umeleta mwanga kwa waliounganishwa. Nani anapikia umeme? Nani mwenye pesa ya mtungi wa gesi? Zaidi ya asilimia 90 ya watu wa nchi hii wanapikia kuni na mkaa. Nenda Gudele, nenda Jebel, nenda Munuki, ukute nyumba isiyo na jiko la mkaa. Na wanaouza ni wanawake kama mimi, wengi wajane. Tukifunga biashara hii, watoto wetu hawaendi shule.

Halafu sikiliza. Mkaa wangu unashushwa kutoka barabara ya Nimule na upande wa Terekeka. Ni miti ya mbugani, migunga na mingineyo. Sijawahi kupokea gunia lililotoka juu Kinyeti. Ukifunga mlima leo, kibandani kwangu hakuna kitakachobadilika. Mnawatafuta wakosaji pasipo na kosa, kwa sababu mkosaji wa kweli ni jiji zima la Juba, na jiji hamwezi kulifunga.

MZEE: Mwenyekiti, mimi nazungumza kama mtu ambaye mnataka kumfungia nyumba yake. Mlima ulifungwa zamani, kabla kijana huyu hajazaliwa. Waingereza waliufanya msitu wa serikali. Wakapanda misonobari Gilo, wakaweka kiwanda cha mbao Katire. Sisi tukaambiwa tusikate, wao wakakata. Mwenye msumeno mkubwa alikuwa serikali, na mwenye jembe dogo ndiye aliyeitwa mharibifu. Kisha ikaja vita ya kwanza, ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Mlima ulituficha. Tulikula kilichokuwamo, na siombi radhi kwa kulisha watoto.

Wasomi waliochunguza picha za satelaiti wanasema vita vilifanya mambo mawili. Palipokimbiwa na watu, msitu ulirudi. Palipojaa wakimbizi wa ndani, msitu ulikatwa. Mimi sikuhitaji satelaiti kuyajua hayo. Niliyaona. Na nimejifunza kwamba msitu haukulindwa na sheria wakati wowote ninaoukumbuka. Uliponea pale ambapo hakuna mtu aliyefika. Sasa amani ikija na barabara zikifunguliwa, ni nani atakayeulinda kama si sisi tulio juu yake?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009 inatambua ardhi ya jamii. Tulipigana miaka mingi tukisema ardhi ni ya watu. Msije na mbega kuwa kisingizio cha kutunyang'anya tulichokipigania.

Duru ya pili: Mafunzo ya Unguja

MZANZIBARI: Mimi nitawaeleza ya kwetu, maana kwetu tunaye mnyama ambaye hayupo pengine popote duniani kwa asili yake isipokuwa Unguja. Ni kima punju, mbega mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kichwani. Wachache walipelekwa Pemba, msitu wa Ngezi, miaka ya 1970. Yeye yumo katika orodha ya walio hatarini. Kwa miaka mingi watu walidhani wamebaki elfu mbili au tatu tu. Hesabu iliyotangazwa katika miaka ya karibuni, iliyochukua miaka miwili ya kutembea msituni kwa miguu, ilikuta wapo zaidi ya 5,800. Bado ni wachache kwa mnyama ambaye kwa asili ana kisiwa kimoja tu, lakini ni wengi kuliko tulivyoogopa.

Mama Mkaa, hili litakushangaza: punju anakula mkaa. Mashambani wanakula majani ya miembe na mikungu, ambayo yana lishe nyingi lakini pia yana kemikali zinazolisumbua tumbo. Wakaona, hatujui tangu lini, kwamba mkaa unaituliza sumu hiyo. Huenda kwenye visiki vilivyoungua, hata kwenye matanuri ya watu, wakachukua vipande na kutafuna. Nawaeleza jambo hili kwa sababu linaonyesha mnyama huyu anaishi karibu na nani. Msongamano mkubwa kuliko wote wa kima punju haukuwa ndani kabisa ya hifadhi. Ulikuwa katika mashamba ya wanakijiji, nje ya mpaka wa Jozani. Wageni wanaokuja kupiga picha za punju, wengi wao wanasimama juu ya shamba la mkulima.

Sasa fikirini. Serikali ingeweza kuweka ukuta kuuzunguka msitu, na bado kima wengi wangekuwa upande wa pili wa ukuta, mikononi mwa mkulima ambaye ananung'unika kwamba wanamlia nazi changa. Wazee wetu walimchukia. Walisema anaharibu. Watafiti wawili walikaa kuhesabu nazi, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1999: kima wanakula nazi changa kweli, lakini mavuno ya minazi hiyo hayakupungua. Yalielekea hata kuongezeka kidogo, kwa sababu mnazi unaopunguziwa nazi changa huzilea vizuri zilizobaki. Lakini utafiti peke yake haukumtuliza mkulima. Kilichomtuliza ni kuanza kupata fungu la kiingilio cha wageni, yeye mwenye shamba, na vijiji vinavyoizunguka hifadhi kupata fungu lao la miradi. Hapo ndipo punju akawa mali yake.

MHIFADHI: Lakini kaka, usifiche upande mwingine. Jozani ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Sheria ilikuwapo.

MZANZIBARI: Sifichi. Ilikuwapo, na ilihitajika. Lakini angalia tarehe. Kazi ya kukaa na vijiji, kuunda kamati zao na kugawana mapato ilianza katika miaka ya 1990. Sheria ya 2004 ilikuja juu ya makubaliano yaliyokwishaanza kutembea. Na mengine hayakuwa ya sheria kabisa. Barabara inayokatiza Jozani ilikuwa inawaua punju, wakigongwa na magari yaendayo kasi. Yakajengwa matuta, vifo vikapungua. Tuta la barabarani, basi. Wala sitasema kila kitu ni asali. Malalamiko kwamba fungu la wakulima ni dogo hayajaisha mpaka leo. Lakini mtu anayelalamikia fungu lake ameshakubali kwamba kima yuko hapo kubaki.

MZEE: Mimi nina swali kwa huyu ndugu wa pwani. Ninyi mna bahari. Mzungu anakuja kuogelea, siku moja anachoka na jua, anapelekwa msituni kuona kima. Imatong atakuja nani? Barabara ya kutoka Juba hadi Torit ina watu waliokufa kwa kuviziwa. Fungu la kiingilio bila anayeingia ni fungu la hewa. Mkono mtupu haulambwi.

MAMA MKAA: Mzee amesema kweli. Msituletee Zanzibar hapa kana kwamba tuna hoteli ufukweni.

Duru ya tatu: Hukumu ya Mto Tana

MWENYEKITI: Kabla ya kujibu swali la pesa, naomba Mhifadhi ajibu jambo moja kuhusu sheria, kwa sababu hoja yake imesimama juu ya kufunga kwa sheria. Kenya, kwenye sehemu za chini za Mto Tana, kuna vipande vya msitu kando ya mto ambamo wanaishi kima wawili wasiopatikana popote kwingine: mbega mwekundu wa Tana na yule aitwaye mangabi wa Tana. Mwaka 1976 ilitangazwa hifadhi kwa ajili yao. Wapokomo, wakulima wa kingo za mto, walikuwa wakiishi na kulima humo. Katika miaka ya 1990 ukaja mradi mkubwa wenye fedha za kimataifa, na mpango wa kuzihamisha familia. Ukazaa ugomvi. Wenyeji wakaenda mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hifadhi haikuwa imeanzishwa kwa kufuata sheria. Mbega mwekundu wa Tana leo yuko katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Unasemaje?

MHIFADHI: Nasema inauma, na nasema imenifundisha. Wale kima walipoteza kinga yao kwa sababu waliochora mpaka hawakuwauliza wenye ardhi. Sheria iliyotungwa bila mwenyeji, mwenyeji ndiye atakayeiangusha, na ana haki ya kufanya hivyo. Nalikubali hilo. Tena Wapokomo hao hao wameanzisha hifadhi ya jamii yao, Ndera, na kima wa Tana wamo ndani yake. Kumbe hawakuwa maadui wa kima. Walikuwa maadui wa kuhamishwa.

Lakini Mwenyekiti, nami nina mwaka 2007 wangu. Mwaka huo huo, Uganda, serikali ilitaka kutoa sehemu ya msitu wa Mabira, zaidi ya hekta 7,000, ikalimwe miwa. Watu waliandamana Kampala hadi damu ikamwagika, na mpango ukasimama. Walishika nini mikononi mwao? Walishika hati ya miaka mingi, kwamba Mabira ni hifadhi ya msitu kisheria. Pasipo hati hiyo, kilio chao kingekuwa kilio tu. Mzee, unaogopa serikali ikunyang'anye mlima. Mimi naogopa atakayekuja baada ya serikali, mwenye magari na mashine za kupasua mbao, akaukuta mlima hauna karatasi. Misaji ya Equatoria imepita mipaka kwa malori mengi, na wenyeji wamebaki na visiki.

MZEE: Hapo tunakaribiana. Mimi siogopi karatasi. Naogopa karatasi ambayo jina langu halimo.

MHIFADHI: Basi jina lako liwemo, na fungu lako liwemo. Uganda, sheria inasema asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi iende kwa jamii zinazoizunguka.

MZEE: Mwanangu, usinihesabie asilimia. Sheria yetu wenyewe ya mafuta inasema asilimia 2 ya mapato iende kwa majimbo yanayotoa mafuta, na asilimia 3 kwa jamii. Nenda Bentiu, nenda Paloch, ukawaulize watu wanaokunywa maji ya visima karibu na mabomba hayo kama hizo asilimia 3 wamezishika mkononi. Kisha urudi uniambie kuhusu fungu la mbega.

Duru ya nne: Nani alipe?

MAMA MKAA: Mwenyekiti, naomba niseme jambo ambalo nilikuwa nimelishikilia. Nilikaa Kakuma. Kule kuni ndizo zilizotugombanisha na wenyeji wetu Waturkana kuliko kitu kingine chochote. Mwanamke akitoka kambini kwenda kutafuta kuni, alikuwa hajui kama atarudi salama. Waturkana hawakuwa watu wabaya. Tulikuja wengi mno kwenye ardhi yenye miti michache, na kila mti tulioukata ulikuwa malisho ya mbuzi wa mtu. Najua jinsi nchi inavyokuwa miti ikiisha. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba natetea mkaa kwa sababu sioni mbele.

Ninachokataa ni kwamba mimi niache, na wengine waendelee. Lori la mkaa likitoka porini mpaka Juba linasimamishwa kwenye vizuizi vingi, na kila kizuizi kinalipwa. Askari huyu, kamati ile, kaunti hii. Pesa hizo zote zimo ndani ya bei ya gunia langu, na mwisho wa siku anayezilipa ni mama anayechemsha maharage Gudele. Hakuna hata pauni moja inayorudi kwenye mti. Mnauliza nani alipe kwa ajili ya msitu? Tunalipa tayari! Ondoeni vizuizi vyote hivyo, wekeni kimoja, chenye risiti, na pesa yake ipande miti ya kuchoma mkaa. Mjohoro unakua haraka, unachomeka vizuri, na Afrika Mashariki umepandwa kwa kuni miaka mingi. Na tupeni majiko sanifu yanayokula mkaa kidogo. Hapo mtanisikia nikiimba wimbo wa mbega pamoja nanyi.

MHIFADHI: Mama, hilo ndilo nilipaswa kulisema mimi. Kisheria mlima na barabara ya mkaa ni vitu viwili, lakini shoka ni lile lile. Miti ya mbugani ikiisha kuzunguka Juba, wachomaji watasogea. Watapanda kidogo kidogo hadi wafike kwenye vilima vya Imatong. Kila gunia linalotoka kwenye shamba la mijohoro ni siku moja ambayo mlima haujaguswa.

MZANZIBARI: Na lile swali la Mzee la watalii, mimi nalijibu hivi: msitende kana kwamba pesa ya msitu ni ya mgeni tu. Tanzania, Nyanda za Juu Kusini, kuna kima aitwaye kipunji. Sayansi haikumjua kabisa hadi mwaka 2003. Watafiti walikuwa Mlima Rungwe wakawasikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja mnyama ambaye watafiti hao hawakumjua, wakamfuata. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, jenasi mpya ya kima barani Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1923. Hesabu ya kwanza iliyochapishwa 2008 iliwakuta kipunji 1,117 tu. Rungwe haina watalii wa kujaza mabasi. Kilichofanyika ni kazi ya mikono: walinzi kutoka vijijini, upandaji wa miti, na masomo kwa watoto. Mlima Rungwe ukatangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Kipunji hakupungua. Hesabu ya baadaye ilikuta wameongezeka.

MZEE: Huyo mwindaji wa Kinyakyusa ndiye mimi. Nami namjua mnyama wangu kabla ya mtafiti. Najua kundi linalala bonde gani, najua mti gani unazaa mwezi gani. Sikilizeni masharti yangu, maana sikuja kukataa tu.

La kwanza, mpaka utembewe kwa miguu, wazee na vijana wa kila kijiji wakiwapo, na usichorwe Juba. La pili, asali, dawa, na mahali petu pa kuombea mvua pabaki petu. Sisi Walotuko tuna wafalme wa mvua, na mvua kwetu ni uhai. Mto Kinyeti unatoka kwenye msitu ule, unapita Torit, unaendelea hadi vinamasi vya Badigeru. Torit nzima inakunywa kutoka kwetu. Kama mgeni hatakuja kulipa kiingilio, basi Torit ilipe maji. La tatu, walinzi wawe watoto wetu, walipwe mshahara unaofika. Mkinipa hayo, nami naweka langu mezani: hakuna mwana wa kijiji changu atakayemwinda mbega, na palipo na chemchemi hapatalimwa.

MHIFADHI: Nami naongeza moja, Mzee, na hili siliachi. Kiini cha msitu, kule juu na kwenye mabonde ya chemchemi, kifungwe kweli. Asilime mtu hapo, awe mwenyeji au mgeni, awe raia au askari. Hatuwezi kumlinda kima kwa kumwachia kila mtu ruhusa ndogo, maana ruhusa ndogo zikijumlishwa zinakuwa kukata kabisa.

MZEE: Nitakubali kiini. Sitakubali wewe uamue peke yako kinaishia wapi.

MAMA MKAA: Nami nitaamini nikiuona mche wa kwanza wa mjohoro ulionunuliwa na pesa ya vizuizi. Kabla ya hapo, ni maneno.

Uamuzi wa mwenyekiti

Hoja kama ilivyoandikwa siiungi mkono. Kuufunga mlima wote kwa tangazo la Juba ni kurudia Katire ya Waingereza na Tana ya 1976: mpaka mzuri kwenye ramani, na chuki kwenye miteremko. Hifadhi ya namna hiyo ina maadui wengi kuliko walinzi tangu siku ya kwanza, na kwa nchi yenye bunduki nyingi kama yetu, adui wa hifadhi hahitaji hata kwenda mahakamani.

Lakini siungi mkono kuacha mambo yalivyo pia. Anayesema wenyeji waachiwe bila sheria yoyote anawaacha peke yao mbele ya mwenye lori na msumeno. Mabira ilisimama kwa sababu watu na hati walikuwa upande mmoja.

Ninachokiamini ni mpangilio wa hatua. Haki ya mwenyeji iandikwe kwanza, mpaka uchorwe pamoja naye, kisha kiini kifungwe kwa nguvu zote za sheria. Ukigeuza mpangilio huo, kila kitu kinaharibika. Jozani ilizungumza na vijiji kabla ya kuwa hifadhi ya taifa, na kima punju wamesalia kwa maelfu hata kwenye mashamba ya watu. Tana ilitangaza kabla ya kuuliza, na kinga yote ikaanguka kwa hukumu moja. Kima punju na mbega mwekundu wa Tana ni ndugu wa karibu, wote wanakula majani, wote wanahitaji miti. Tofauti haikuwa kwa kima. Ilikuwa kwa watu, na kwa nani aliyeulizwa kwanza.

Kuhusu fungu, onyo la Mzee la asilimia 3 ni zito kuliko hoja zote za siku ya leo. Fungu linalopitia ofisi nyingi hupungua kila ofisi. Kwa hiyo pesa ya Imatong, iwe ya maji ya Torit au ya gunia la mkaa, ihesabiwe hadharani kijijini, mbele ya watu, kwa kiasi kinachojulikana kwa kila mtu. Mwaka 2022 serikali ilitia saini mkataba wa miaka kumi na shirika la African Parks kuziendesha Boma na Badingilo. Kama mkataba wa swala wa nyanda za chini umewezekana, mkataba wa msitu wa mlimani unaoanza na wanavijiji nao unawezekana, na Wizara ya Hifadhi ya Wanyamapori na Utalii haina sababu ya kungoja mbega wetu waingie kwanza kwenye orodha ya walio hatarini.

Na Juba yenyewe ina deni. Sisi tunaopika kwa mkaa ndio tunaoamua, kila asubuhi, miteremko ya Equatoria itakuwa na nini baada ya miaka kumi. Pendekezo la Mama Mkaa la kizuizi kimoja chenye risiti ni la haki, ni rahisi, na halihitaji mfadhili kutoka nje. Linahitaji tu wanaokula kwenye vizuizi vingine waache kula. Wabunge wa Equatoria ya Kati na Mashariki walipeleke bungeni mwaka huu. Na wakati wanalijadili, vijana wa vijiji vya Imatong waajiriwe kwa kazi ya kwanza kabisa, ya kutembea mabondeni na kuhesabu makundi ya mbega na kima, bonde kwa bonde, ili siku ya kuchora mpaka wenyeji ndio waje na takwimu mkononi, na Juba ije kuwasikiliza.